Makaa au mafuta: kesi ya garimoshi la Durango

Wapenzi wa magarimoshi ya mvuke hawajaisamehe reli ya Durango na Silverton, huko Colorado, Marekani. Kosa lake ni kuacha makaa ya mawe. Injini zake za miaka ya 1920, zilizokuwa zikilishwa kwa koleo, zimegeuzwa zichome mafuta, na wanaolalamika wanasema kilichobaki ni umbo tu, roho imeng'olewa. Uchungu wao naufahamu. Ila wanaidai reli hii usafi ambao haikuwahi kuwa nao.

Hoja yao si ya kitoto. Reli hiyo nyembamba, upana wake futi 3 tu, ilifika Silverton mwaka 1882 ikifuata madini ya fedha. Kwa zaidi ya karne moja fayamani, mtunza moto wa injini, alipakia makaa kwa mikono yake, karibu tani sita kwa siku ya kwenda na kurudi, maili 90 hivi. Si nguvu peke yake iliyohitajika. Aliusoma moto kwa rangi, akajua ni kona gani ya tanuru imeanza kupoa, akalisha mapema kabla mlima haujaanza kuibana injini. Sasa chekeche za chuma zilizobeba makaa tanuruni zimetolewa na mahali pake pamewekwa kichomeo kinachopuliza mafuta kwa mvuke. Fayamani anakaa na mkono kwenye vali. Bado ana kazi, tena mara moja moja hutupia mchanga tanuruni ili ukwangue masizi kwenye mirija, na bomba likatoa wingu jeusi tii. Lakini ujuzi wa koleo, ukipita kizazi kimoja bila kutumika, umekwenda. Hapo sina la kuwajibu.

Ninalo la kuwajibu kuhusu tarehe 1 Juni 2018. Kusini-magharibi mwa Colorado kulikuwa na ukame mkali, na moto ukazuka kando ya reli, kaskazini mwa mji wa Durango. Ulikula zaidi ya ekari 54,000. Msitu wa taifa wa San Juan ukafungwa wote, treni zikasimama kwa wiki kadhaa, na mvua ziliponyesha, majivu na tope viliporomoka hadi mto Animas na kuua samaki. Wachunguzi wa serikali walisema chanzo ni cheche kutoka bomba la injini ya makaa. Reli iliyapinga madai hayo, na mwaka 2022 kesi iliyofunguliwa na serikali ikamalizwa kwa makubaliano kwamba reli ilipe dola milioni 20.

Hizo milioni 20 zinanisumbua. Hakuna nyumba ya kuishi iliyoteketea. Je, moto ungefika mitaani, hesabu ingesomeka vipi? Silverton, mwisho wa reli, ina wakazi mia sita hivi. Ukiwagawia deni hilo, kila mmoja, mtoto na mzee, angebeba zaidi ya dola 30,000. Na mji huo huo unategemea abiria wanaoshuka mchana, wanakula, wananunua vitu, wanapanda tena kurudi. Wala reli haikuwa imelala: vigari vya doria vilifuata treni ili kuzima vimoto vidogo njiani. Ulinzi ulikuwepo, na mambo yakaenda hivyo. Kampuni inayoishi kwa nauli za watalii ingewezaje kulipa mara ya pili?

Na huo uasilia tunaoambiwa umepotea, ni upi hasa? Injini ya kwanza kugeuzwa, namba 493, ilizaliwa mwaka 1902 ikiwa ya reli pana. Ikasukwa upya mwaka 1928 ili iingie kwenye reli nyembamba. Hakuna anayeiita ya bandia. Sisi wa huku tungekuwa wa mwisho kushangaa: zile Garratt 34 za daraja la 59, injini kubwa za mvuke zilizovuta mizigo kutoka Mombasa kupanda Nairobi, zilichoma mafuta. Simama mbele ya mojawapo, iitwayo Mount Gelai, katika makumbusho ya reli Nairobi, halafu useme hiyo haikuwa injini ya mvuke ya kweli!

Kweli, mafuta nayo huchafua hewa, na anayedhani Durango imekuwa rafiki wa mazingira anajidanganya. Kilichopungua sana ni cheche.

Wapo watakaouliza: kwa nini isibakizwe injini moja ya makaa kwa majira ya baridi, treni zinapokwenda korongo la Cascade na theluji imefunika kila kitu? Ni wazo zuri, na ndilo ningelipigania. Ila kubadilisha kichomeo na chekeche si jambo la kufanya kila msimu, kwa hiyo injini hiyo ingelala bila kazi kiangazi chote, wakati huo ndipo abiria wanapojaa. Wanaotaka makaa yarudi wajitolee kuichangia gharama hiyo, maana nauli za msimu wa theluji pekee hazitaibeba.