Eva Hesse alikuwa fundi kabla ya kuwa mgonjwa

Kila Mei 29, siku aliyofariki, ikikaribia, makala zilezile kuhusu mchongaji wa Marekani Eva Hesse zinarudi. Mtoto wa Kiyahudi aliyetoroshwa Ujerumani ya Hitler, mama aliyejiua, ndoa iliyovunjika, uvimbe kwenye ubongo, kifo akiwa na miaka 34. Unasoma aya kumi na bado hujui mwanamke huyu alikuwa akitengeneza nini, kwa vifaa gani. Inaniudhi kweli. Aliacha kazi zinazohitaji kuelezwa na mtu anayejua gundi, kamba na mpira, na badala yake anaandikiwa tanzia ileile kila mwaka.

Historia yake naipitisha haraka, kwa kuwa wengine wameshaimaliza. Alizaliwa Hamburg Januari 11, 1936. Mwishoni mwa 1938 yeye na dada yake Helen walipandishwa treni ya watoto wakimbizi kwenda Uholanzi. Wazazi wakawafuata, wakapitia Uingereza, na mwaka 1939 wakafika New York. Alisoma vyuo vya Pratt na Cooper Union, halafu Yale chini ya mchoraji Josef Albers, akahitimu 1959. Akapata riziki kwa kubuni michoro ya vitambaa.

Safari iliyombadilisha ni ya kurudi alikotoroshwa. Mwaka 1964 yeye na mumewe, mchongaji Tom Doyle, walikwenda Kettwig, Ujerumani, kwenye mto Ruhr. Tajiri wa viwanda vya nguo, Arnhard Scheidt, alikuwa amewapa nafasi ya kufanyia kazi kwenye sehemu ya kiwanda isiyotumika tena. Hesse alikwenda pale akiwa mchoraji. Sakafuni palijaa vipuri vya mashine na mabaki ya kamba, naye akaanza kuvichora, kisha akaanza kuvibandika. Kamba aliizungusha duara juu ya duara, uzi ukigusana na uzi, mpaka uvimbe ukainuka kutoka kwenye ubao. Alitoka Kettwig na kazi 14 za namna hiyo. Ni huko pia ilikomfikia barua ya rafiki yake, msanii Sol LeWitt, mwaka 1965, ikimsihi aache kujihoji na afanye tu.

Aliporudi New York akatengeneza Hang Up, mwaka 1966. Ni fremu tupu, kubwa kuliko mlango, iliyoviringishwa kitambaa chote. Kutoka ndani yake inachomoza bomba jembamba la chuma lililofungwa kamba, likipinda na kuingia chumbani karibu mita mbili kabla ya kurudi kwenye fremu. Kamba yote imepakwa rangi ya kijivu inayokwenda ikikolea kidogo kidogo. Kufunga kamba kwenye bomba lililopinda ni kazi inayodai subira: upande wa nje wa mpindo kamba inataka kuachana, upande wa ndani inabanana, na mkono ukilegea mara moja pengo linaonekana hadi mwisho. Hang Up haina mapengo hayo.

Sasa nije kwenye mpira, maana ndiko hasa mwanamke huyu anakosimuliwa vibaya.

Alianza kutumia utomvu wa mpira mwaka 1967. Ule ni maji yenye chembe za mpira, yaliyotiwa amonia ili yasigande ndani ya kopo. Unapaka kwa brashi, tabaka jembamba, unasubiri. Likiwa bichi ni jeupe. Likikauka weupe unatoweka na kubaki rangi ya asali hafifu inayopitisha mwanga. Hapo ndipo unapaka la pili. Ukipaka nene ili umalize mapema, uso unajifunga na maji yanabaki ndani, kisha yanatokea mabaka meupe na mapovu. Brashi usipoiloweka kwanza kwenye maji ya sabuni, mpira unagandia kwenye nywele zake na unaitupa siku hiyohiyo. Usitumie chombo cha shaba wala waya wa shaba: shaba, hata kidogo, inaharakisha kuoza kwa mpira. Na usitundike mpira mtupu, kwa sababu uzito wake wenyewe utauvuta hadi uchanike. Ndiyo maana Hesse alipaka juu ya kitambaa cha shashi. Shashi inabeba uzito, mpira unaleta ngozi na mwanga.

Tatizo la mpira linajulikana. Molekuli zake ni minyororo mirefu, na oksijeni ikisaidiwa na mwanga na joto huikata. Minyororo ikikatika mpira unanata. Baadaye vipande vinashikamana ovyo, na mpira unakuwa mgumu, wa kahawia, unaovunjika ukiukunja. Aliyewahi kufungua faili la zamani lililofungwa kwa rababendi ameziona hatua zote mbili. Hakuna dawa ya kuurudisha. Kinachowezekana ni kuchelewesha: giza, ubaridi, hewa yenye oksijeni kidogo, na karatasi ya silikoni katikati ya mikunjo ili isigandamane. Kazi kadhaa za Hesse zilifungwa na kuwekwa stoo, na zilipofunguliwa hazikukunjuka tena.

Wengi wanasema alitaka iwe hivyo. Wanashika kauli yake ya mwaka 1970, katika mahojiano na mwandishi wa sanaa Cindy Nemser, kwamba maisha hayadumu na sanaa haidumu. Wanaoinukuu wanaiacha nyingine aliyoitoa katika mahojiano hayohayo: kwamba alijisikia hatia kidogo mtu alipotaka kununua kazi ya mpira, na alitamani kumwandikia kumwambia haitadumu. Huyo ni fundi anayemfikiria mteja wake. Alijua kasoro ya kifaa, akakichagua kwa sababu hakuna kingine kilichompa mwanga ule, na jambo hilo lilimsumbua. Kumgeuza kuwa mtu aliyeshangilia uozo eti kwa sababu alikuwa anakufa ni kumdhulumu. Alianza kutumia mpira 1967. Alianguka kwa uvimbe wa ubongo Aprili 1969. Hesabu yenyewe inakataa.

Hadithi nyingine inayotembea ni kwamba faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa rizini, ndiyo iliyomuua. Kuanzia 1968 alifanya kazi na Doug Johns, wa karakana ya plastiki huko Staten Island, na hapo ndipo zilipotoka kazi kama Repetition Nineteen III: vyombo 19 vya faiba, kila kimoja kama nusu mita kwenda juu, hakuna kilichonyooka. Fundi yeyote wa faiba, awe anaunda boti Dar au bodi za magari Nairobi, anaijua harufu ile. Kilo moja ya rizini, ile plastiki ya maji, inataka hadina, yaani kigandishi chake, gramu 10 hadi 20. Ukizidisha inachemka na kupasuka, ukipunguza inabaki inanata. Hadina na kobalti, inayoharakisha kuganda, havikutanishwi moja kwa moja kamwe, vinaweza kulipuka. Mvuke wa rizini ni wa stairini, ambayo taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka mwaka 2018 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hadithi hii imewafanya wasanii kadhaa wavae barakoa, na wavae: ile ya mvuke yenye makopo ya mkaa, maana ya vumbi haizuii mvuke. Lakini kati ya rizini ya kwanza na kuanguka kwake haikufika hata miaka miwili, na saratani zitokanazo na kemikali kwa kawaida huchukua miaka mingi. Hakuna aliyethibitisha kwamba sanaa yake ilimuua.

Ndani ya mwaka mmoja alipasuliwa mara tatu. Katikati ya hayo ilikamilika Contingent, ambayo sasa iko Canberra: karatasi nane ndefu zinazoning'inia kutoka darini, katikati shashi na mpira, juu na chini faiba. Wasaidizi walipaka, yeye akiamua wapi papakwe na wapi paachwe. Mei 1970 ilikuwa kwenye jalada la jarida la sanaa la Artforum. Mwezi huohuo akafariki.

Je, zilizoharibika zitengenezwe upya? LeWitt, aliyemjua vizuri, hakukubali kwamba Hesse angekaa kimya akitazama kazi yake ikioza, na hoja yake ina uzito. Hata hivyo mimi nakataa. Kazi hizi zilitokana na mkono uliojua pa kuacha, na kipimo cha kuacha hakikuandikwa popote. Ukimpa mtu mwingine shashi, mpira na picha ya mwaka 1969, atakupa kitu kilichopakwa vizuri mno. Nakala ndogo za majaribio sawa, zitengenezwe ili wanafunzi waone rangi ya mpira mpya na wauguse. Zisitundikwe kwa jina lake.

Makumbusho ya Guggenheim, New York, walionyesha njia mwaka 2022. Expanded Expansion, kazi yake ya mpira, shashi na faiba ya 1969, ilikuwa haijaonyeshwa kwa miaka 35. Waliiimarisha na kuisimamisha ikiwa na kahawia yake na ugumu wake, wakaeleza wazi walichokifanya. Makumbusho mengine yenye kazi zake za mpira yazitoe stoo vivyo hivyo, hata kwa wiki chache kwenye mwanga hafifu, hata zikiwa zimelazwa mezani kwa kuwa hazining'inii tena. Kando iwekwe picha ya zilivyokuwa, na kibao kinachotaja mpira, shashi, faiba, nani alipaka na mwaka gani. Ugonjwa wake haustahili kuwa mstari wa kwanza wa kibao hicho.