Elimu ya uraia ianzie kwenye sanduku la kikoba

Juzi kati nilikaa kwenye semina ya elimu ya uraia pale ofisi ya kata, saa nne asubuhi, msimu wa kupanda, hapo ushajua nani yuko shamba na nani kafata soda na posho. Mwezeshaji kijana nadhifu kabisa kabandika karatasi ukutani, MIHIMILI MITATU YA DOLA, akaongea lisaa zima. Kwenye maswali akasimama mama mmoja, "Mwanangu, ile hamsini tunayolipa kila ndoo pale bombani, inaenda wapi?" Jamaa akatabasamu, akasema swali zuri mama ila liko nje ya mada.

Nje ya mada! Yaani hiyo ndo ilikuwa mada yenyewe bana. Kisheria hapa Tanzania mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, haalikwi kama mgeni, na hapo ndo mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa. Angemwambia hilo tu, mama angeondoka na kitu mkononi, mihimili angeisikia siku nyingine.

Kinachoniudhi ni hii tabia ya kuwaendea watu wa kijijini kama vile uwajibikaji hawajawahi kuusikia. Yule mama ni mshika ufunguo kwenye kikoba chao, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Nishawahi kuwaona wakifungua sanduku: kufuli tatu, funguo tatu, kwa watu watatu tofauti, mmoja akichelewa wote mnamsubiri. Hela inahesabiwa katikati ya duara na inatajwa kwa sauti, simu ikiita kikaoni faini, ukichelewa faini, na siku hiyo mchelewaji alikuwa mwenyekiti mwenyewe, akalipa mia tano yake huku anachekwa. Katiba yao iko kwenye daftari kubwa limechakaa pembeni ila wanaijua kwa kichwa. Sasa mtu kama huyo unamfundisha utawala bora kwa makapeni?

Ningekuwa mimi napanga hizi programu, hela ya ukumbi naifuta kabisa. Nawafata kikobani siku yao, nasubiri wamalize mahesabu, naomba dakika ishirini na swali moja tu: je, sanduku la kijiji funguo zake anazo nani? Afu tunaongelea halmashauri ya kijiji, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nani anaomba na anaombaje. Kikao kijacho mmoja wao alete majibu aliyoyapata kwa mtendaji.

Na wala sio jambo jipya hapa kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya kama watu milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wanasikiliza, wanajadili, wakitoka hapo wanachimba vyoo. Kulikuwa na kazi ya kufanya baada ya maneno, sio cheti.

Wakati wa chai nilichungulia alichokuwa anaandika yule mama na jirani yake. Walikuwa wamegeuza ratiba ya semina, nyuma wanapiga hesabu: ndoo za siku moja, mara hamsini, mara siku thelathini.