ESB huria: leseni ni bure, mtaalamu halipwi bure

Ofisi nyingi Dodoma sasa zina mifumo ya kompyuta. Kilichobaki ni kuifanya isomane, maana kila mmoja ulijengwa kivyake: huu kwa lugha ya programu ya Java, ule kwa PHP, mwingine uliletwa na mradi ambao umeshafungwa. Ukiunganisha mifumo kumi, kila mmoja na mwenzake, unahitaji viungo 45. Ukiweka mfumo unganishi katikati, yaani ESB (Enterprise Service Bus), vinatosha kumi, na ESB ndiyo inayopokea ujumbe, kuutafsiri na kuufikisha. Serikali imeshaifuata njia hii: Mamlaka ya Serikali Mtandao ina GovESB, ambako taasisi za umma hubadilishana taarifa. Ubishi uko kwenye mifumo ya ndani ya taasisi, hospitali, vyuo na kampuni: wachukue programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, kama WSO2 au Apache Camel, au wanunue ya kibiashara?

Wanaotetea huria huanza na pesa. Leseni za kibiashara hulipwa kwa dola na bajeti zetu ni za shilingi, kwa hiyo wana hoja. Hata hivyo, naiona ndiyo hoja yao dhaifu kuliko zote, kwa sababu kazi ngumu ya kuunganisha haimo ndani ya leseni.

Chukua hospitali. Mapokezi wanaandika tarehe ya kuzaliwa 05/03/1998, mfumo wa bima unataka 1998-03-05. Kanuni ya kutafsiri ikianza na mwezi, mgonjwa aliyezaliwa Machi anasomeka wa Mei, na bima inamkataa dirishani akiwa na kadi mkononi. Kanuni hiyo utaiandika mwenyewe, uwe umenunua ESB au umeipakua bure. Tofauti huonekana pale kanuni iko sawa na tarehe bado inaharibika njiani. Mwenye programu iliyofungwa atatuma malalamiko kwa muuzaji na kusubiri. Mwenye huria atafungua msimbo na kufuatilia hadi mstari wenye kosa, ilimradi ana mtu anayejua kuusoma. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya huria, na sharti lake ni gumu.

Chuo Kikuu cha Dodoma kinatoa vijana wenye uwezo huo, lakini benki na kampuni za simu nazo zinawataka. Akiondoka mmoja aliyejenga kila kitu peke yake, taasisi inabaki na mfumo usioguswa na mtu.

Halafu huria haina maana kwamba kila kitu kitabaki bure. Mule, ESB nyingine, ilianza mwaka 2003 ikiwa huria. Mwaka 2018 kampuni yake, MuleSoft, ilinunuliwa na Salesforce kwa dola bilioni 6.5, na uwezo wa kuendesha seva kadhaa kwa pamoja ili moja ikizima nyingine ishike kazi umo kwenye toleo la kulipia. Desemba 2021 lilipogundulika tundu la usalama kwenye Log4j, maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari, iliyotumika ndani ya programu nyingi za Java, waliokuwa na mkataba wa huduma walikuwa na mtu wa kumuuliza. Wasio nao walilazimika kuitafuta wenyewe, seva moja baada ya nyingine.

Pamoja na hayo, naunga mkono huria, kwa masharti. Fedha iliyookolewa kwenye leseni iandikwe kwenye bajeti kama mishahara na mafunzo ya watu wasiopungua wawili, isipotelee kwenye matumizi mengine. Kumbukumbu za ESB zisihifadhi ujumbe mzima wenye majina na namba za vitambulisho, kwani taarifa zote zinapita mahali pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamgusa kila anayezitunza.

Na taasisi yenye mifumo mitatu tu haina haja ya ESB ya aina yoyote. Viungo vitatu vya API, yaani njia ya programu moja kuomba taarifa kwa nyingine moja kwa moja, vilivyoandikwa vizuri, vyenye maelezo ambayo mwajiriwa mpya ataweza kuyafuata, vinaitosha.