Ya Benchi Nimeyaacha, ya Bega Sitayanyamazia

Mwezi wa tatu huku Ohio bado ni baridi. Mechi za softiboli za sekondari zinaanza theluji haijayeyuka yote kwenye kona za uwanja, na sisi wazazi tunakaa kwenye majukwaa ya chuma, blanketi magotini, chupa ya chai miguuni. Msimu uliopita nilikaa hivyo mechi sita mfululizo nikimwangalia binti yangu akisugua benchi. Anavaa jezi, anapasha misuli moto na wenzake, anawaokotea magongo, anawapigia makofi hadi viganja vinamuuma. Kuingia, haingii. Mechi ya saba akaitwa raundi ya mwisho, tumeshafungwa, akaiangalia mirusho mitatu ikimpita, akarudi kukaa. Usiku ule sikulala kwa hasira.

Nawaandikia wazazi wenzangu tuliohamia Marekani, ambao watoto wetu wamependa mchezo ambao nyumbani hatukuukuta. Kwa asiyeujua, softiboli ni ndugu wa besiboli. Ilizaliwa Chicago mwaka 1887, na katika sekondari za huku ni mchezo wa wasichana. Mrushaji anasimama futi 43 kutoka kwa mpigaji, anazungusha mkono duara zima, anauachia mpira usawa wa nyonga. Mpira ni wa njano, mkubwa kama chungwa lililonona, na kwa msichana mwenye mkono mzuri unamfikia mpigaji kwa muda wa nusu sekunde hivi. Raundi ni saba. Uwanjani wanasimama tisa, na timu ya binti yangu ina wasichana kumi na sita. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuleta ugomvi.

Kabla ya msimu tuliitwa shuleni tukasainishwa karatasi, kama zinavyofanya shule nyingi huku. Usimfuate kocha kabla saa 24 hazijapita tangu mechi iishe. Mtoto aanze kuongea na kocha mwenyewe. Ikishindikana, mzazi aombe miadi. Ikishindikana tena, aende kwa msimamizi wa michezo wa shule. Na kuna mambo matatu ambayo kocha hatayajadili na mzazi: nani acheze na kwa muda gani, mbinu za mechi, na mtoto wa mtu mwingine. Nilisaini haraka haraka. Hilo la tatu lilikuja kunikaba baadaye.

Mimi nimekulia Morogoro. Nilicheza netiboli ya shule, nikafika hadi UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, ngazi ya mkoa, na marehemu baba hakuwahi kuniona nikicheza hata siku moja. Nikirudi nalia kwamba mwalimu wa michezo kaniacha, swali lake lilikuwa lile lile: "Mwalimu amesemaje?" Alichosema mwalimu ndicho kilichokuwa. Malezi hayo nimekuja nayo huku, na naona wengi wetu tumekuja nayo. Kocha tunamheshimu usoni, hatumuulizi kitu, halafu tunamsema ndani ya gari njia nzima, mtoto yuko kiti cha nyuma anasikia kila neno. Nyumbani kwetu ndivyo ilivyokuwa. Baba wa binti yangu alikuwa anaanza kabla hatujatoka maegeshoni: kocha huyu ana upendeleo, yule anayecheza nyuma kulia kaangusha mipira miwili na bado yumo, au ni kwa sababu sisi wageni? Nami naongezea. Jioni moja binti akasema taratibu, "Mama, mkimsema kocha hivyo, kesho mazoezini mimi namwangaliaje?" Tulifika nyumbani kimya.

Hilo la ugeni sikulichukulia kama jambo dogo, na simshauri mzazi yeyote alipuuze. Lakini nilijua kwamba nikienda shuleni na hisia tupu nitarudi na hisia tupu. Ikatokea kwamba mzazi aliyekuwa akiandika kitabu cha mechi amebadilishiwa zamu kazini, kocha akatafuta mwingine wa kujitolea. Nikanyoosha mkono.

Ilinichukua wiki mbili kukijua kile kitabu. Kila mpigaji ana kisanduku chake, ndani kuna almasi ndogo ya besi nne, yaani vituo anavyokimbilia mpigaji, na kila mrusho una alama yake. Akitolewa kwa straiki tatu, yaani mirusho mizuri aliyoikosa au kuiacha ipite, unaandika K. Akitolewa kwa straiki ambayo hakuipiga, amesimama tu gongo liko begani, unaandika K iliyogeuzwa, imeangalia nyuma. Mwezi wa nne ulipofika katikati, binti yangu alikuwa ameingizwa kupiga mara tisa. Mstari wake ulikuwa na K saba, na tano kati ya hizo zilikuwa zimegeuka. Nilizitazama pale meza ya jikoni mpaka chai ikapoa. Kocha hakuziandika yeye. Niliziandika mimi, kwa kalamu yangu. Mtoto wangu alikuwa anaogopa kupiga.

Kwa kocha sikwenda. Nilimwonyesha binti kitabu nikamwambia, hili ni la kwako, mwanangu, nenda kamuulize mwenyewe unachotakiwa kufanya. Alikwenda kabla ya mazoezi, na jibu alilorudi nalo lilikuwa fupi, kama yalivyo maneno yote ya kocha yule: unasubiri mno, wa kwanza ukija mzuri, piga. Hakumpa neno la kumtia moyo. Mpaka leo naamini ni mtu asiyejua kuongea na watoto, na naamini binti yangu alistahili kucheza nyuma kulia hata kama gongo lake halijachangamka. Ila kupanga kikosi ni kazi yake, na katika watoto kumi na sita lazima saba wakae. Namba inagombewa mazoezini, mzazi hawezi kuigombea akiwa jukwaani. Ya benchi nikayaacha hapo, na ndani ya gari tukaanza kuongea mambo mengine.

Jambo lililonifikisha kwa kocha lilikuwa kwenye kurasa za wapinzani, ambako zinaandikwa alama za mirusho ya mrushaji wetu.

Tulikuwa na mrushaji mmoja wa kutegemewa, msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, mpole sana. Mwishoni mwa mwezi wa nne mvua ilikuwa imeahirisha mechi nyingi, zikarundikwa wiki moja. Jumapili nikakaa kujumlisha. Jumatatu mirusho 104. Jumatano 97. Alhamisi 121. Jumamosi mechi mbili siku moja, 164. Nikadhani nimekosea, nikahesabu upya. Ilikuwa 486, bila ile ya kupasha mkono moto kabla ya kila mechi.

Ndugu msomaji, ningekuwa na mtoto wa kiume anayecheza besiboli katika shule hiyo hiyo, jambo hilo lisingewezekana. Tangu mwaka 2017 shirikisho la taifa la michezo ya sekondari linadai kila jimbo liwe na kikomo cha mirusho kwa mrushaji wa besiboli, pamoja na siku za kupumzika kulingana na idadi aliyorusha. Upande wa softiboli sharti kama hilo la kitaifa halipo. Sababu ninayoisikia kila mara ni kwamba kurusha kwa chini ni mwendo wa asili, hauumizi. Waliopima nguvu inayopita kwenye bega na kwenye msuli wa mbele wa mkono wakati wa mzunguko ule hawasemi hivyo. Mzigo ni mkubwa, na bega la msichana wa miaka kumi na sita bado linakua. Ilipitishwa sheria nchi hii mwaka 1972 kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na kwa sababu ya sheria ile mabinti zetu wana viwanja na jezi na makocha. Nashukuru kwa hilo kwa dhati. Kisha najiuliza inakuwaje bega la kaka lihesabiwe, la dada liachwe lijitegemee.

Lakini karatasi niliisaini: mtoto wa mtu mwingine hajadiliwi. Kwa hiyo nilimwendea mama yake. Nilimkuta anakunja kiti chake baada ya mechi, nikamfungulia kitabu kwenye boneti ya gari. Hakushangaa. Aliweka kidole kwenye ile ya Alhamisi akasema usiku ule binti yake hakuweza kujichania nywele, alimchania yeye, na kwamba mifuko ya barafu imejaa friza nzima. Nikamuuliza kwa nini hajasema. Akasema makocha wa vyuo wanakuja kuangalia warushaji mwaka huu, na mrushaji anayeambiwa ana bega bovu hafuatwi na mtu. Alikuwa anaogopa, kama nilivyokuwa ninaogopa mimi, ila hofu yake ilikuwa na sababu nzito kuliko yangu.

Aliomba miadi mwenyewe, saa 24 zilipopita, akaniomba niende na kitabu. Kocha alikigeuza ukurasa baada ya ukurasa bila kusema kitu, kisha akamwambia yule msichana, hujawahi kuniambia unaumwa. Msichana akajibu huku anaangalia meza: "Ningesema, nani angerusha?"

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Mtoto wa kidato cha tatu alikuwa amejitwika ratiba ya msimu mzima begani, na wakubwa tulikuwepo, zaidi ya thelathini kila mechi, na blanketi zetu na chai zetu. Mechi sita nilikaa na hasira, na katika mechi hizo sita sikuutazama mkono wake hata mara moja. Nilikuwa nahesabu dakika za mwanangu. Wengine walikuwa wanahesabu pointi. Kocha simtetei, ilikuwa kazi yake kuhesabu kabla yetu, na nimemwandikia msimamizi wa michezo kuomba shule ijiwekee kikomo chake yenyewe bila kusubiri sheria ya taifa. Nimejibiwa kwamba litazungumzwa. Nitauliza tena kabla ya msimu ujao, na nikiwa na wazazi wengine kumi nitauliza kwa sauti kubwa zaidi.

Jumanne iliyofuata alirusha mtoto aliyepandishwa kutoka timu ya pili. Mipira ilikwenda kila mahali. Jukwaani watu walianza kunung'unika raundi ya pili, na baba mmoja akauliza, kwa sauti ya kufika hadi benchi, kwa nini yule wa kwanza amekaa wakati hana tatizo. Mama wa mrushaji wetu alikuwa hatua tatu kutoka kwa baba huyo. Akanyamaza, akajifunika blanketi vizuri. Tulifungwa 12 kwa 1, mechi ikakatwa raundi ya tano kwa kuwa tofauti ilipita kumi.

Mrushaji wetu alikaa benchi na koti zito, mkono wa kulia ameuingiza ndani ya koti, binti yangu pembeni yake, wanagawana mbegu za alizeti kutoka pakiti moja. Raundi ya nne binti aliitwa kupiga. Mrusho wa kwanza ulikuja katikati, akaupiga. Nilisikia mlio wa gongo kabla sijaona mpira, ulikwenda chini chini hadi kwa mchezaji wa namba sita, akauokota, akamtupia wa namba tatu kwenye besi ya kwanza, binti akatolewa amebakiza hatua mbili. Aliporudi, yule mwenzake alikuwa amesimama akimsubiri, ametoa mkono wa kushoto wagongeane.

Kwenye kisanduku nikaandika 6-3. Haikuwa K.