Nusu na theluthi sio "moja juu ya mbili, moja juu ya tatu"

Jana usiku mtoto wa dada yangu, yuko la tano, kaniletea daftari la hesabu, 1/2 + 1/3, kajibu 2/5, kosa kubwa jekundu hapo. Nikamuuliza umepataje, akasema mamdogo, juu nimejumlisha na juu, chini na chini. Haya, nikachukua chapati nikamkatia nusu, nikamuuliza nikikuongezea na theluthi itazidi nusu au itapungua? Itazidi. Sasa mbili ya tano imezidi nusu? Akakaa kimya, akaangalia daftari, afu akachukua raba akafuta mwenyewe.

Mi naona shida sio mtoto. Tunawapa KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote za chini) mapema mno, wanakariri gawanya kwa asili, yaani namba ya chini, zidisha kwa kiasi, yaani ya juu, bila kujua wanatafuta nini, na tumewazoesha kusoma "moja juu ya tatu" wakati Kiswahili kina majina kabisa, nusu, theluthi, robo, sudusi (moja ya sita), thumni (moja ya nane). Mtoto huyohuyo mtume dukani, muulize sukari nusu na robo ni ngapi, atakwambia robo tatu bila kalamu, sababu kichwani kashageuza nusu kuwa robo mbili, na hiyo ndo kusawazisha asili yenyewe jamani! Nusu na theluthi hazijumlishiki kwa kuwa majina ni tofauti, mpaka uzikate zote ziwe sudusi: chapati vipande sita, nusu ni vitatu, theluthi viwili, jumla sudusi tano.

Wanaogawa mirathi ya Kiislamu wanafanya hivi siku zote. Mtu kaacha mke, mama na mabinti wawili: mke thumni, mama sudusi, mabinti theluthi mbili. Mali inafanywa mafungu 24, mke 3, mama 4, mabinti 16, jumla 23, fungu moja lililobaki linaenda kwa asaba, yaani ndugu wa upande wa baba wanaochukua kinachobaki, mfano kaka wa marehemu. Hiyo 24 ndo KDS ya 8, 6 na 3. Na hapo ukijumlisha vibaya unamdhulumu mtu haki yake.

Walimu wangu, naomba kabla ya KDS mpeni mtoto kitu akate. Huyu wangu nilimpa 1/4 + 1/6, akaangalia vile vipande sita, akasema robo haitoki hapa bila kupasua kipande, nipe chapati nyingine niikate kumi na mbili.