Mpe Mtoto Jiwe Kabla ya Jina Lake

Somo la miamba kwa kawaida huanzia ubaoni: miamba ya moto, miamba tabaka, miamba geu. Watoto wananakili, wanakariri, wanajibu mtihani, na mawe yenyewe hawajayagusa. Kwa maoni yangu hapo tumeanzia mwisho. Tunawapa majibu kabla hawajapata cha kuuliza.

Mimi ningeanza na mawe mezani, madaftari yakiwa yamefungwa. Mtoto ashike graniti mkono mmoja na basalti mkono wa pili. Graniti ina chembe kubwa, nyingine nyeupe, nyingine nyeusi, nyingine zinametameta. Basalti ni nyeusi, na chembe zake ni ndogo hata hazionekani kwa macho. Yote mawili yalitokana na mwamba ulioyeyuka kwa joto. Mbona basi hayafanani? Mwalimu anyamaze hapo, awaache wabahatishe na kubishana. Baadaye ndipo aeleze kwamba graniti ilipoa polepole mno, chini sana ardhini, fuwele, yaani zile chembe za madini, zikapata muda wa kukua, ilhali basalti kwa kawaida humwagika juu ya ardhi au karibu nayo ikapoa upesi. Kisha adondoshe siki kwenye jiwe la chokaa. Povu linalotoka ni gesi ya kaboni dioksaidi, na swali la pili hujileta lenyewe: mbona graniti haitoi povu?

Kigumu zaidi ni muda. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, na tarakimu hiyo haimwambii mtoto lolote, wala mtu mzima. Tandazeni kamba ya mita 45 uwanjani, kila sentimita iwe miaka milioni moja. Ncha moja ni mwanzo wa Dunia, nyingine ni leo. Dinosauri, ukiacha ukoo wa ndege, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita: sentimita 66 tu kabla ya leo. Binadamu wa aina yetu, mwenye miaka kama 300,000, anaenea milimita tatu. Watoto wakishaona milimita hizo, waachieni nafasi ya kuuliza.

Kuhusu visukuku, yaani mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa miambani, nina neno na lile zoezi la kugandamiza kombe la baharini kwenye udongo wa mfinyanzi. Ni zuri, lakini likiishia hapo watoto huondoka wakiamini kila kiumbe kikifa huacha alama. Viumbe vingi mno huoza na kupotea kabisa. Ili mabaki yadumu, yanahitaji kufunikwa mapema, na mfupa au gamba hudumu kuliko nyama. Mfano ambao ningeutumia kila mwaka ni Laetoli, Tanzania. Majivu ya volkano yalianguka, yakalowa, viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita juu yake, majivu yakawa magumu na mengine yakafunika. Kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey kilizikuta nyayo hizo mwaka 1978, zikiwa na miaka karibu milioni 3.6. Kwenye kamba yetu ni chini ya sentimita nne.

Hapo mtoto mwerevu atauliza: wamejuaje? Msimkatishe, maana hilo ndilo swali bora la kipindi kizima. Tangu Nicolaus Steno, mwanasayansi wa Denmark, alipoandika mwaka 1669 tunajua kwamba tabaka la chini, lisipopinduliwa, lilitangulia la juu. Majivu ya volkano nayo yana madini yenye elementi zinazobadilika kwa kasi inayojulikana, kwa hiyo umri wake hupimika.

Ndiyo maana kisukuku kilichong'olewa bila kuandikwa kimetoka tabaka gani hupoteza sehemu kubwa ya habari zake. Hili nalo lifundishwe mapema, kabla ya ziara ya kwanza: ukiona kisukuku, kichore, piga picha, andika mahali kilipo, kisha kiache pale na uwaarifu watu wa makumbusho.