Siku Gurudumu Lilipotoka Damu

Baba mkwe aliponiomba gari langu limbebe bibi harusi, ambaye ni mdogo wa mke wangu, mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye magurudumu ya mbele, yaliyokuwa meusi kama sufuria ya kuni. Anayeishi Bukavu hahitaji kuelezwa sababu. Mji wetu ni kupanda na kushuka, na kila ninapoteremka kutoka Kadutu nikiwa nyuma ya lori lililoelemewa na mizigo, mguu wangu haubanduki kwenye breki. Pedi za breki husuguana na diski ya chuma, zote mbili husagika, na unga wake wenye moto hunata kwenye rimu za alumini kana kwamba umepikiwa pale pale. Sabuni nilikwisha kuijaribu. Ndimu pia, na heri nisiseme kilichotokea.

Shemeji yangu aliye Ubelgiji alikuwa amenitumia chupa ya dawa ya rimu, yenye maandishi ya Kijerumani kuanzia juu hadi chini, lugha ambayo mtaani kwetu hakuna aijuaye. Palikuwa na picha ya gurudumu linalong'aa, nami nikaridhika. Jumamosi ya harusi, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka mjini, niliegesha mbele ya nyumba na kunyunyizia dawa bila kungoja rimu zipoe, kosa ambalo nilielezwa baadaye, kwa kuwa juu ya rimu ya moto dawa hukauka upesi na huweza kuacha madoa.

Lakini madoa yalikuwa tatizo dogo. Dawa hiyo, ikikutana na chembe za chuma, hugeuka zambarau inayokaribia wekundu, na harufu yake ni ya yai viza. Baada ya dakika mbili gurudumu lilianza kuvuja. Michirizi iliingia mferejini, na kwa kuwa mtaa wetu umelalia mteremko, ikapita milango ya watu hadi kwa mama jirani aliyekuwa akimenya ndizi za karamu.

"Amegonga mtu!" akapiga kelele.

Mtaa ulijaa. Akina mama walihesabu watoto wao; hesabu ilipotimia, jirani mmoja akakumbuka kwamba mbwa wake hajaonekana tangu alfajiri. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye hakuna jambo asilolitolea hukumu, aliinama, akanusa, kisha akatangaza: "Huyu hakugongwa leo. Ana siku tatu." Namna maiti ya siku tatu inavyoweza kutoa damu mbichi, hakuna aliyeuliza.

Baba mkwe akatokea, tayari amevaa suti. "Mkwe wangu, niambie kweli. Ni nani?"

"Baba, ni dawa ya kusafishia tu."

Ili kuthibitisha, nilinyunyizia gurudumu la nyuma mbele ya macho ya wote, na hapo ndipo nilipojimaliza. Gari linapofunga breki, uzito hukimbilia mbele, hivyo breki za mbele ndizo hufanya kazi kubwa na kumwaga unga mwingi. Za nyuma za gari langu, isitoshe, zimefungiwa ndani ya ngoma, yaani kopo la chuma linalouzuia unga kufika kwenye rimu. Dawa iliteremka kwenye rimu ya nyuma ikiwa nyeupe kama maji ya kisima.

"Mmeona?" akasema yule mzee. "Alimgonga kwa mbele."

Nikaomba jembe lenye kutu, nikalinyunyizia, nalo likaanza kutiririka zambarau. Watu walinyamaza kimya, hadi mtoto mmoja alipouliza: "Na jembe limemuua nani?" Mwenye jembe alilinyakua na kuondoka nalo bila kuaga.

Aliyeniokoa ni mbwa. Alitoka nyuma ya banda la kuku, akanusa gurudumu langu, akapiga chafya mara tatu na kurudi alikotoka. Umati ulitawanyika shingo upande, kama watu waliodhulumiwa msiba.

Nilimwaga madumu manne ya maji, na lazima nikiri kwamba rimu zilimeremeta kuliko siku niliponunua gari. Harufu ndiyo iliyokataa kuondoka. Bibi harusi alisafiri vioo vyote vikiwa wazi, akiishikilia shela kwa mikono miwili isipeperuke. Mpiga picha alikuwa na kazi nyingi siku ile, nami nimezipitia picha zake zote, moja baada ya nyingine: hakuna hata moja inayoonyesha gurudumu.